Einstein apimwe zaidi, na Longonot ishiriki

Agosti 17, 2017, vifaa viwili vya Marekani na kimoja cha Italia vilikuwa kazini wakati mtikisiko wa nyota mbili zilizogongana umbali wa miaka nuru milioni 130 ulipoifikia dunia. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa miali ya gamma kutoka upande huohuo wa anga. Katika pengo hilo la sekunde mbili kasoro, nadharia kadhaa za mvutano zilizojengwa kwa miaka mingi na watu mahiri zilipoteza uhai. Ilitangazwa kwamba Einstein ameshinda tena, na wengi waliosikia wakaishia hapo. Mimi naona habari yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ushindi wa mtu mmoja. Mawimbi ya mvutano yametupa njia ya kutenganisha nadharia ambazo vipimo vya zamani vilishindwa kuzitenganisha. Kazi hiyo bado mbichi, na Kaunti ya Nakuru, kwa historia ya ardhi yake na kwa sahani ya mawasiliano ya setilaiti iliyosimama Longonot, ina kila sababu ya kuwemo.

Anayedhani suala hili liko mbali nasi na asome kwanza jinsi ardhi tunayoikanyaga ilivyopimwa. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mwingereza, Edward Bullard, alizunguka Afrika Mashariki akiwa na pendulamu, akipima nguvu ya mvutano wa dunia kituo baada ya kituo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1936, yalionyesha kwamba juu ya mabonde ya ufa mvutano ni hafifu kuliko unavyotarajiwa. Upungufu huo ulimaanisha kuwa chini ya bonde kuna kitu chepesi kuliko miamba ya pembeni. Lakini kitu chepesi kilichozungukwa na kizito hutakiwa kupanda, na sakafu ya bonde imekaa chini. Bullard akajibu kwamba sakafu inazuiwa isipande: kuta za pande zote mbili zinasukumwa kuelekea katikati, zinapanda juu ya kingo za sakafu na kuikandamiza. Kwa hiyo, alivyoona yeye, Bonde la Ufa lilizaliwa kwa kubanwa. Hesabu zake zilikaa sawa, na vipimo vyake vilikubaliana nazo.

Nadharia hiyo haikuwa kweli. Bonde linatanuka. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na bara lililobaki kwa milimita chache kila mwaka, na sakafu ya Naivasha, Nakuru na Bogoria imeshuka kwa sababu ardhi inavutwa huku na huku. Bullard hakukosea kupima. Alikwamishwa na tabia ya kipimo chenyewe, kwa kuwa mvutano unaopimwa juu ya ardhi hutoa jumla tu, na jumla moja yaweza kutokana na mipangilio mingi ya vitu vilivyo chini. Ni kama kupima gunia lililoshonwa mdomo katika soko la Wakulima: uzito utaujua, lakini kama ndani mna mahindi ya Molo au ngano ya Njoro, mizani haitakwambia. Ushahidi uliokata shauri ulitoka kwenye mawimbi. Kati ya 1985 na 1994 watafiti wa Kenya, Ulaya na Marekani, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama KRISP, walifyatua baruti ndani ya maziwa, likiwemo Turkana, na katika mashimo yaliyochimbwa, kisha wakafuatilia jinsi mtetemo unavyosafiri ndani ya miamba kwa mamia ya kilomita. Kasi ya mtetemo ilifichua kile ambacho uzito uliuficha. Gamba la dunia lina unene wa takriban kilomita 35 katika sehemu yetu ya kati na takriban 20 tu kule Turkana, na chini yake kuna miamba yenye joto kali na wepesi usio wa kawaida. Joto hilohilo ndilo linaloendesha mitambo ya mvuke ya Olkaria, na ndilo linalochimbwa Menengai.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu elimu ya ulimwengu leo iko pale ilipokuwa jiolojia ya Bonde enzi za Bullard. Nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi ambayo mvutano wa vitu vinavyoonekana hauwezi kuizuia. Zingetakiwa kutawanyika zamani. Kazi ya Vera Rubin na wenzake katika miaka ya 1970 iliufanya ukweli huo usikwepeke. Yapo maelezo mawili. La kwanza linasema kuna mata ya giza, isiyotoa mwanga wala kuuzuia, nayo ndiyo inayoongeza mvutano. La pili linasema hakuna kitu cha ziada, ila kanuni ya mvutano hubadilika pale mvutano unapokuwa hafifu mno. Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza hili la pili mwaka 1983, na mwaka 2004 Jacob Bekenstein akalijengea nadharia kamili iliyozingatia uhusianifu wa Einstein. Fumbo lingine liliongezeka mwaka 1998, ilipobainika kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kukua. Hapo pia baadhi wakasema kuna nishati ya giza, na wengine wakasema nadharia ya Einstein irekebishwe kwa masafa marefu. Pande hizi zilibishana miaka nenda miaka rudi kwa kutumia mizunguko ya galaksi na ramani za anga, yaani kwa kutumia jumla ya mvutano, na kila upande ukawa na hesabu zinazokubaliana na vipimo.

Mawimbi ya mvutano ni ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1916 Einstein alitabiri kwamba vitu vizito vinavyozungukana huitikisa nafasi yenyewe, na kwamba mtikisiko huo husafiri kwa kasi ya mwanga. Ilichukua karne nzima kuunasa. Vifaa vya LIGO, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana, vina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja, na miali ya leza hupita humo kuangalia kama mkono mmoja umerefuka kuliko mwenzake. Badiliko linalotafutwa ni dogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Septemba 14, 2015, mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyoungana ulipita Livingston, na takriban milisekunde 7 baadaye ukapita Hanford, umbali wa kilomita 3,000. Umbo lilikuwa lilelile katika vituo vyote viwili. Hakuna lori, radi wala tetemeko la jirani linaloweza kufanya hivyo. Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye zile sekunde 1.7. Mwanga na mawimbi ya mvutano viliondoka karibu pamoja, vikasafiri miaka milioni 130, vikafika karibu pamoja. Hata tukikubali kwamba kimoja kilitangulia kuondoka kwa sekunde kadhaa, kasi zao haziwezi kupishana kwa zaidi ya sehemu chache katika milioni bilioni. Nadharia ya Bekenstein na jamaa zake ilihitaji mwanga upite njia inayohesabu mvutano wa ziada wa galaksi, huku mawimbi ya mvutano yakipita njia inayohesabu vitu vinavyoonekana peke yake. Watafiti waliokadiria ucheleweshaji unaotokana na mvutano huo wa ziada walipata takriban siku 400. Kipimo kikasema sekunde 1.7. Pengo la namna hiyo halitokani na kosa la saa wala la mahesabu. Kundi kubwa la nadharia zilizobuniwa kueleza kutanuka kwa ulimwengu bila nishati ya giza lilikumbwa na yayo hayo, kwa kuwa ndani yake kuna uga mwingine uliofungamana na mvutano ambao hubadilisha kasi ya mawimbi. Linalonivutia zaidi ni kwamba baadhi ya watafiti walikuwa wamekwisha kuandika, kabla ya 2017, kipimo kimoja cha aina hii kingeua nadharia zipi na kuacha zipi. Utabiri ulikuwa hadharani, kila mtu aliyetaka aliusoma, na kipimo kikaja. Sijui mwenendo wa kielimu ulio mnyofu kuliko huo.

Kasi ni swali moja tu kati ya mengi ambayo mawimbi yanaweza kujibu. Kwa mujibu wa Einstein, wimbi la mvutano hunyoosha nafasi upande mmoja na kuibana upande wa pili, kwa zamu, na kwa namna mbili pekee. Nadharia mbadala huruhusu hadi namna sita, ikiwemo ile ya nafasi kutanuka na kunywea yote kwa pamoja. Kifaa cha Virgo kilicho karibu na Pisa kilipojiunga na LIGO mnamo Agosti 2017 kiliwezesha swali hilo kuulizwa ipasavyo kwa mara ya kwanza, na ushahidi ukaelemea kwa Einstein. Nguvu ya wimbi nayo hueleza umbali wa lilikotoka. Kama mvutano ungekuwa unavuja kuelekea pande za ziada za nafasi tusizoziona, jinsi baadhi ya nadharia zinavyodai, nyota za 2017 zingeonekana mbali zaidi kwa mawimbi kuliko kwa mwanga. Umbali wa njia zote mbili ulilingana. Kisha Januari 14, 2025, LIGO ikapokea mawimbi yaliyo dhahiri kuliko yote yaliyotangulia, ya mashimo meusi mawili ambayo nyuso zake kwa jumla zilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 240,000. Shimo moja lililotokana na muungano huo lilikuwa na takriban 400,000, dogo kuliko eneo la Kenya. Stephen Hawking alikuwa amesema mwaka 1971 kwamba eneo hilo haliwezi kupungua. Halikupungua.

Lipo pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito. Linasema nadharia mbadala haziuawi na vipimo, kwa sababu wenye nazo huzitia viraka na kuzirudisha uwanjani. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walichapisha nadharia mpya yenye msingi wa wazo la Milgrom, ambamo mawimbi ya mvutano husafiri kwa kasi ya mwanga. Je, huko si kukwepa? Sidhani. Kila kiraka hupunguza uhuru wa mtunzi. Kabla ya 2017 angeweza kuchagua kasi aitakayo, na sasa hana chaguo hilo. Tena hicho kilichobaki lazima kikubaliane na jozi ya nyota iliyogunduliwa na Russell Hulse na Joseph Taylor mwaka 1974, ambayo mzunguko wake unapungua kwa kiwango alichokitabiri Einstein, na kikubaliane na mwendo wa sayari, na kikubaliane na mwanga mkongwe zaidi ulimwenguni. Nadharia ya Skordis na Złośnik ilitungwa ikiwa imefungwa na masharti hayo, ndiyo maana inastahili kusomwa na kupimwa. Siafikiani kabisa na wanaoidharau kwa kuwa tu inakwenda kinyume na Einstein. Bullard hakuwa mjinga, na mtu aliyesema Bonde linabanwa aliwalazimisha wengine watafute kipimo kikali zaidi.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu, na kwa maoni yangu lina nguvu kuliko la kwanza. Mwaka 2018 Claudia de Rham na Scott Melville walionyesha kwamba nadharia nyingi za kutanuka kwa ulimwengu zilitungwa kwa ajili ya masafa marefu mno, na huenda hazifai kabisa kutumika kwa mawimbi mafupi ambayo LIGO huyanasa, yale yanayotikisika makumi au mamia ya mara kwa sekunde. Kasi ingeweza kulingana na ya mwanga katika mawimbi hayo na kutofautiana katika mawimbi marefu. Nakubali kwamba hukumu ya 2017 ina mpaka huo, na aliyetangaza kuwa mlango umefungwa moja kwa moja alikwenda mbio kuliko ushahidi. Lakini tazama linakotupeleka pingamizi hili: linataka mawimbi ya urefu mwingine yapimwe. Shirika la anga la Ulaya liliidhinisha mwaka 2024 mradi wa LISA, wa vyombo vitatu vitakavyoelea angani vikiwa vimeachana kwa kilomita milioni 2.5, unaotarajiwa kurushwa katikati ya miaka ya 2030. Kwa mawimbi marefu zaidi ya hayo, ambayo wimbi moja huchukua miaka kupita, darubini za redio hutumia mapigo ya nyota ziitwazo pulsa badala ya saa. Mwaka 2023 makundi kadhaa ya watafiti duniani yalitangaza ushahidi wa mtikisiko wa aina hiyo, na mwishoni mwa 2024 kundi linalotumia darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini likaleta matokeo yake.

Wapo pia wanaouliza kama LIGO haimpi Einstein upendeleo, kwa kuwa hutafuta mawimbi kwa kutumia maumbo yaliyopigwa hesabu kwa kanuni zake mwenyewe. Swali ni la haki na jibu lake ni fupi. Wimbi la kwanza, la Septemba 2015, liligunduliwa kwanza na programu isiyotumia maumbo hayo hata kidogo. Programu hiyo hutafuta mtikisiko wowote unaofanana katika vituo viwili. Baadaye watafiti walitoa umbo la Einstein kutoka kwenye data wakaangalia kilichobaki, na kilichobaki hakikutofautika na kelele za kawaida za kifaa.

Hapa ndipo Longonot inapoingia. Sipendekezi kifaa kama LIGO kijengwe katika Bonde la Ufa. Nchi iliyopata tetemeko la Subukia la Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, na ambayo chini yake mvuke unachemka, haina utulivu unaotakiwa. Lakini chini ya Mlima Longonot, karibu na Naivasha, kuna kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, ambacho kwa miongo kadhaa kilibeba simu na picha za televisheni kati ya Kenya na ulimwengu. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi ya sahani zile kubwa ikapungua sana. Sahani ya Longonot yenye upana wa mita 32 ilitajwa miongoni mwa zile zinazoweza kugeuzwa kuwa darubini ya redio katika mtandao wa Afrika ulioasisiwa chini ya uongozi wa Afrika Kusini, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika. Ghana ilitekeleza. Sahani yake ya Kuntunse, ya mita 32 vilevile, ilizinduliwa kuwa darubini mwezi huohuo wa Agosti 2017. Ya Longonot imebaki katika mipango.

Msomaji atauliza darubini ya redio inahusiana vipi na mawimbi ya mvutano. Inahusiana sana. Nguvu ya wimbi hutegemea umbali, lakini hutegemea pia tunaiangalia jozi ya nyota kutoka upande gani: tukiitazama kwa juu wimbi huwa na nguvu, tukiitazama kwa ubavu hupungua. Kwa hiyo jozi ya karibu iliyolala ubavu inaweza kudhaniwa kuwa ya mbali. Fumbo hilo la 2017 lilipunguzwa na darubini za redio. Zaidi ya 30 kutoka mabara matano ziliunganishwa zikafanya kazi kama darubini moja, zikauona mchirizi wa mata uliofyatuka kutoka kwenye mgongano, na kwa kulinganisha hilo na vipimo vya mwendo wake watafiti wakakadiria pembe tunayoutazamia. Umbali ukajulikana kwa usahihi zaidi, na kipimo cha zile pande za ziada za nafasi husimama juu ya umbali huo. Makali ya mtandao kama huu hutokana na jinsi vituo vyake vilivyosambaa, na kati ya Hartebeesthoek kule Afrika Kusini na vituo vya Ulaya kuna pengo kubwa. Longonot iko katikati ya pengo hilo. Iko karibu na ikweta, kwa hiyo huiona anga ya kaskazini na ya kusini pia. Mgongano ujao wa nyota unaweza kutokea upande wowote wa anga na saa yoyote, na kila longitudo isiyo na kituo ni saa kadhaa ambazo hakuna anayetazama.

Tumewahi kuwa karibu na kazi hii tukabaki pembeni. Desemba 12, 1970, sikukuu ya saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Uchunguzi wake wa chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ulisaidia kukifanya kuwa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa ni shimo jeusi, aina ileile ya vitu ambavyo mawimbi yake LIGO huyapokea leo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya setilaiti ile, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini data zilisomwa kwingine. Setilaiti hiyo na kituo cha Longonot ni vya mwaka mmoja, na sioni kwa nini nusu karne baadaye tuendelee kuwa nchi ya kurushia na kupitishia tu.

Najua litakalosemwa, na lasemwa kwa nia njema. Maji ya Ziwa Naivasha na Ziwa Nakuru yamepanda na kuwahamisha watu makwao, shule zina upungufu wa walimu, na hapa mtu anazungumzia mashimo meusi. Simwombi yeyote achukue shilingi ya mwathiriwa wa mafuriko. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo haijatimizwa. Hiyo ndiyo pesa ninayoizungumzia, na sahani yenyewe imekwisha kujengwa. Tena ujuzi unaohitajika kuchuja ishara hafifu kutoka kwenye kelele, kuoanisha saa za vituo vilivyo mbali, na kupima uwezekano wa kosa kabla ya kutangaza matokeo ndio ujuzi unaohitajika kutafuta mvuke Menengai na kufuatilia mitetemo ya volkano zetu. Kijana aliyefunzwa kimoja hukielewa kingine haraka. Kupitia mradi wa DARA uliofadhiliwa na Uingereza, vijana wa Kenya wamekwisha kufunzwa misingi ya falaki ya redio. Kuwafunza kisha kuwaacha bila darubini nyumbani ni kuwaandalia safari ya kwenda kutumia za wenzao.

Na si lazima tungoje sahani igeuzwe ndipo tuanze. LIGO na Virgo hutoa data zao bure kwa umma baada ya muda uliowekwa, pamoja na programu za kuzichambulia na mafunzo ya mtandaoni ya kila mwaka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, akiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti, anaweza kupakua wimbi la Septemba 14, 2015, akatoa umbo la Einstein na kuangalia mwenyewe kilichobaki. Anaweza kuchukua tukio la 2017 na kujaribu nadharia ambayo haijajaribiwa nalo. Walimu wa fizikia wa Egerton na Kabarak waliweke zoezi hilo katika ratiba ya mwaka wa nne kuanzia muhula ujao. Serikali ya kitaifa, pamoja na wanaokimiliki kituo cha Longonot, itangaze hadharani tarehe ya kuanza kuigeuza sahani ile, gharama yake na taasisi itakayowajibika, na Bunge la Kaunti ya Nakuru liombe taarifa hiyo kwa maandishi.